Msumari Hauna Kosa

Kama ungemwona Mabegi akiingia dukani Jumamosi ile, ungedhani anahama nyumba. Begi moja mgongoni, jingine kifuani, la tatu begani, na mkononi stendi ya miguu mitatu ndani ya mfuko wake, maana kwa Mabegi hata stendi ilikuwa na nguo yake. Jina alilopewa na wazazi watu wa mtaani walishalisahau. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo marefu ya mjini. Mwisho wa wiki alikuwa mpiga picha, au angalau ndivyo yeye na kamera yake ya bei mbaya walivyokubaliana.

Nyuma ya kaunta, binti aliyeitwa Kimya aliinua macho kutoka kwenye mashine ya kusafishia picha, kisha akayashusha haraka. Walikuwa wamependana siku nyingi, lakini mtu huyu akisukuma ule mlango tu, bado alisahau ni picha ya nani aliyokuwa akiisafisha.

"Nimekuja kuhudumiwa," Mabegi alisema.

"Subiri foleni."

"Foleni iko wapi?"

"Wewe na mabegi yako mnatosha kuwa foleni."

Mabegi akacheka, akaanza kuyavua moja moja. Kimya akamtazama kwa pembe ya jicho. Alipenda mikono yake, mikubwa, yenye alama za grisi zisizotoka kwa sabuni yoyote. Alipenda zaidi namna anavyocheka, anavyofunga macho kabisa kama mtoto anayemwagiwa maji.

Jina hilo la Kimya alipewa nyumbani alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa mtoto wa kutazama kuliko kusema. Kazi ilimfaa. Wapiga picha wa mji walimletea kadi za kamera zao, yeye akazifungua kwenye kompyuta, akazipitia picha moja baada ya nyingine, akazisafisha na kuzitoa kwenye karatasi. Za pasipoti, za mahafali, za harusi, za watoto wasio na meno. Ungemtajia mpiga picha yeyote, angekuambia huyo anaona nini na haoni nini. Kuhusu mpiga picha mmoja tu alikuwa hajawahi kufungua mdomo, na ndiye huyu aliyekuwa sasa ameegemea kaunta, uso wote unang'aa.

"Nina habari," Mabegi alisema. "Lakini kwanza shika kitu usianguke."

"Nimeshika kaunta."

"Ile hoteli mpya imenipa kazi. Ya kudumu. Sherehe zao, wageni wao, vyumba vyao, kila kitu. Meneja aliziona zile picha ulizonisafishia, akauliza natumia kamera gani. Nilipomwambia, akatikisa kichwa tu. Akasema, basi wewe ni mtaalamu."

"Kwa sababu ya kamera?"

"Kwa sababu ya kamera hii." Akalipapasa begi la kifuani kama mtu anayebembeleza mtoto alale. "Tangu nimeinunua, mpenzi, sijawahi kupiga picha mbaya. Hata moja. Wewe si shahidi?"

Kimya akajifanya anapanga bahasha za picha.

"Jumatatu napeleka barua, naacha lifti. Halafu Jumapili inayofuata wazee wangu wanakuja kwa mama yako kuleta posa. Nikiwaza hivyo, usingizi hauji."

"Na hizo picha za hoteli," Kimya aliuliza taratibu, "nitazisafisha mimi?"

"Ndiyo uzuri wake. Hazisafishwi. Wao wanazitaka kwenye kompyuta tu. Nikishapiga, jioni ileile nawatumia zilivyo. Hutachoka tena na kazi zangu."

Zilivyo. Neno hilo lilimwingia Kimya rohoni kama maji ya barafu.

Maana ukweli ulikuwa huu. Mara ya kwanza Mabegi alipoleta kadi yake, ilikuwa harusi ya fundi mwenzake. Kimya alizifungua zile picha akashika kichwa. Watu wameinama wote upande mmoja kana kwamba ukumbi unazama. Bibi harusi uso mweusi tii, dirisha nyuma yake linawaka. Bwana harusi ameota nguzo utosini. Akainua macho amwambie, akamkuta Mabegi amesimama palepale na ile furaha yake usoni, anasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akashindwa. Akazinyoosha. Akakata, akaongeza mwanga, akaing'oa nguzo kwenye kichwa cha bwana harusi. Mabegi alipozishika akasema, "Umeona kamera hiyo?" Kimya akajiambia wiki ijayo nitamwambia. Wiki ijayo ikaja na kadi nyingine. Ndivyo inavyokuwa, ukishamfunika mtu mara moja, blanketi ni lako kulishikilia.

Na baya zaidi ni la Mama.

Mama yake Kimya alikuwa mjane, mstaafu wa kushona mashuka ya hospitali, mwanamke mwenye jicho la mshono ulionyooka. Alikuwa amemkataa Mabegi waziwazi. "Binti yangu haolewi na begi," alisema. "Lifti najua ni kazi. Hii nyingine ni ugonjwa." Kisha siku moja Mabegi akamwomba ampige picha pale sebuleni, na Mama, kwa sababu ya adabu tu, akakubali. Picha ilipotoka, Mama aliitazama kwa muda mrefu. Ndani ya picha ile alikuwa anacheka. Tangu mumewe afariki hakuna aliyemwona akicheka vile, na yeye mwenyewe alidhani kicheko kile kilikwenda na marehemu. Akaitia fremu, akaipigilia msumari kwa mkono wake, akaitundika juu ya redio. Wiki ileile akasema, "Mtu aliyeniona hivi, wazee wake waje." Toka hapo kila anapopita mbele ya picha anainyoosha fremu, anasonya. "Msumari huu, aliyeupigilia hakuwa na akili." Husahau kwamba aliyeupigilia ni yeye.

Kwa hiyo ukweli ungeweza kuivunja kazi ya hoteli, na kuchukua kibali cha Mama, na kuondoka na mtu mwenyewe. Lakini Jumatatu barua inakwenda, na mtu akishaacha lifti harudi kirahisi. Kimya akajikaza kisabuni.

"Kaa pale," alisema.

Mabegi akakaa kwenye kigoda cha picha za pasipoti, mbele ya kitambaa cheupe, mikono magotini kama mteja. Kimya akaigeuza kompyuta upande wake.

"Hizi za nani?" Mabegi aliuliza baada ya kutazama kidogo.

"Zako."

"Zangu? Mbona huu ukuta unaanguka?"

"Ukuta hauanguki. Wewe uliinamisha kamera."

"Na huyu mwenzangu, mbona ana nguzo kichwani?"

"Niliitoa. Hivi ndivyo zilivyokuja kwenye kadi. Zile ulizochukua wewe, nilikuwa nimezirekebisha."

Mabegi akacheka. Halafu akatazama picha iliyofuata, na iliyofuata, kicheko kikapungua mpaka kikaisha.

"Ni nyingi?"

"Karibu zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda."

"Hapana." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Kimya zaidi. "Mtu anayekupenda anakuambia shati lako limechanika mgongoni. Hatembei nyuma yako akilishikilia kwa mkono. Umenivisha kilemba cha ukoka, na mimi nikakizungusha mjini kote. Mbele ya meneja. Mbele ya mafundi wenzangu."

"Niliogopa. Ningekuambia ungeiacha kamera, na ukiwa na kamera unakuwa na furaha sana."

"Labda ningeiacha. Labda ningejifunza. Sasa hatujui, si ndiyo?"

Kimya alitaka kusema kitu kimoja zaidi, kitu muhimu kuliko vyote, lakini machozi yalimtangulia, na kabla hajayafuta mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke na mtoto mchanga, anataka picha ya pasipoti, ana haraka.

Mabegi akainuka kwenye kigoda. Kuondoka kwa hasira kunataka mtu mwepesi. Yeye alivaa begi la mgongoni, akavaa la kifuani, akavaa la begani, akasahau stendi, akaifuata, mkanda ukanasa kwenye kitasa cha mlango, mwanamke wa watu akaweka mtoto chini amsaidie kuunasua. Akashukuru kwa adabu. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mtoto yule alikataa kufungua macho. Kimya alimwimbia, akampigia makofi, akamtingishia funguo, huku moyo wake mwenyewe uko barabarani. Macho yalipofunguka hatimaye, alibonyeza, akasafisha, akakata, akafunga duka jua lingali juu.

Alijua atakachomwambia Mama. Angempa ukweli wote kabla hajausikia kwa mwingine, na liwalo na liwe. Lakini alipofika mlangoni kwao alisimama. Kando ya viatu vya Mama kulikuwa na rundo la mabegi limepangwa vizuri, kubwa chini, dogo juu, na stendi imeegemea ukuta ndani ya nguo yake.

Aliwakuta wote wawili sebuleni. Mama kwenye kiti chake. Mabegi kwenye ukingo wa kochi, na ile picha iko mapajani mwake. Juu ya redio ukuta ulikuwa mtupu, msumari peke yake umejitokeza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia ukae. Mwenzio anarudisha picha."

Mabegi hakumtazama Kimya. "Nilikuwa namwambia Mama," alisema. "Mama alinikubali kwa sababu ya picha hii. Nami nimejua leo kwamba picha zangu si zangu. Mimi nilinunua kamera, nikabonyeza. Aliyezifanya picha ni binti yako, Mama. Sasa siwezi kuleta wazee hapa kwa kazi ya mkono wa mtu mwingine. Kama ni kukubaliwa, nikubaliwe mimi. Na kama ni kukataliwa, basi, nitarudi tena kuomba nikiwa nimebeba mzigo wangu mwenyewe."

"Mzigo unao tayari," Mama alisema. "Umejaa mlangoni kwangu."

Hakuna aliyecheka. Kimya alikuwa anamtazama Mabegi. Mtu huyu alitoka dukani ameumia, na badala ya kwenda kujificha na aibu yake, amekuja moja kwa moja kwenye nyumba ambamo ana cha kupoteza kuliko zote. Kimya alimpenda pale kuliko siku yoyote. Akasema kile alichoshindwa kusema dukani.

"Hiyo sikuigusa."

"Usinihurumie tena," Mabegi alisema. "Nakuomba."

"Sikuhurumii. Itazame."

"Naitazama."

"Shika fremu iwe sawa juu ya meza. Halafu tazama lile dirisha nyuma ya Mama."

Mabegi akaisimamisha fremu juu ya meza, akarudisha kichwa nyuma. Akafumba jicho moja. Mama akavaa miwani yake, akainama karibu, na wote wawili wakatazama dirisha lililokuwa ndani ya picha. Dirisha lilikuwa limeegemea kushoto. Pazia limeegemea nalo. Kiti na Mama mwenyewe vimelalia upande huohuo.

"Fremu imenyooka," Mama alisema.

"Imenyooka, Mama."

"Mimi ndiye niliyelala."

"Kidogo, Mama."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upande wa gauni, akaivaa tena. "Siku zote hizi," alisema, "naugombeza msumari."

"Hukufikiria ni picha?" Mabegi aliuliza.

"Kamera kubwa kama ile? Nilijua kitu cha gharama ile hakiwezi kupinda. Nikasema kosa ni la msumari, maana msumari ni rahisi."

Kimya ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani alipojaribu kukizuia. Mabegi akafuata, macho yamefungwa kabisa. Na Mama akawatazama wote wawili, akajaribu kukaza uso, akashindwa, akarudi nyuma kwenye kiti chake na kucheka mpaka mkono ukanyooka wenyewe mbele kumtafuta mtu wa kumshika, ukatua kwenye goti la Mabegi.

Mabegi akautazama ule mkono. Akaitazama picha. Mkono ulikuwa humo, ukingoni kabisa, vidole vimenyooka kuelekea kamera.

"Ndiyo maana sikuigusa," Kimya alisema. "Picha iliyopinda huwezi kuinyoosha bila kukata pembeni. Niliijaribu kwenye kompyuta. Dirisha likanyooka vizuri, lakini mkono wa Mama ukakatika. Nikaona ni afadhali nyumba ipinde."

"Siku ile," Mabegi alisema polepole, "Mama aliniuliza kama nimefukuzwa na mwenye nyumba, kwa yale mabegi. Nikacheka. Naye akacheka. Sikuangalia namba yoyote kwenye kamera. Hata sikumbuki kubonyeza."

"Najua. Ndiyo pekee uliyopiga ukiwa unamtazama mtu. Zile nyingine unaitazama kamera."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeonyeshwa waya uliokatika baada ya kuhangaika na mtambo mzima. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na haya, lakini haya ya mtu ambaye bado yuko ndani ya nyumba.

"Sasa nisikilizeni," Mama alisema, akifuta macho. "Wewe kwanza, mwanangu. Mtoto hafundishwi kutembea kwa kubebwa. Ulimbeba mwanaume mzima, na mabegi yake juu. Ungevunjika mgongo."

"Ndiyo, Mama. Nimekosa." Akamgeukia Mabegi. "Nisamehe."

"Nimeshasamehe tangu kwenye kitasa cha mlango," Mabegi alisema. "Niliona haya tu kurudi."

"Na wewe," Mama aliendelea. "Hoteli?"

"Nitawaambia bado. Sijaiva."

"Barua ya Jumatatu?"

"Naichana. Jumatatu niko juu ya lifti."

"Vizuri. Maana lifti ikikwama na watu ndani, huyu hawezi kuinyoosha kwenye kompyuta." Akaichukua picha mezani. "Lakini kamera usiiuze. Mara moja umeona. Mtu aliyeona mara moja ataona tena, akiacha kujivunia macho aliyoyanunua dukani. Nendeni nje mkaseme mnayotaka kusema, mimi nina picha ya kutundika."

Nje, wakasimama kati ya viatu na mabegi. Jua la jioni lilikuwa limeanza kulegea, mtaani mtu anafua, redio ya jirani inaimba. Mabegi hakushika kamera. Alimtazama Kimya tu, sawasawa, bila haraka, mpaka Kimya akahisi joto shingoni.

"Utaniambia?" Mabegi aliuliza.

"Kila picha."

"Hata ikiniuma?"

"Hata ikikuuma. Nitakuwa karibu."

"Basi Jumamosi nakuja na kamera na lenzi moja. Nikae pale kwenye kigoda chako, unionyeshe ninachokosea kabla ya kusafisha chochote."

"Na stendi?"

"Stendi itabaki nyumbani. Ina nguo, haitasikia baridi."

Kimya akacheka, na katika kucheka mkono wake ukanyooka, kama wa mama yake, ukamshika kifuani pale begi lilipokuwa likikaa siku zote. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio chini ya shati. Mabegi akaufunika mkono ule kwa kiganja chake cha grisi, na kwa mara ya kwanza siku ile Kimya akavuta pumzi mpaka chini.

"Wazee wako Jumapili," sauti ya Mama ikatoka ndani, "waje. Ila wewe uje mikono mitupu. Kiti cha wageni nakihitaji kwa wageni."

"Sawa, Mama."

Kupitia mlangoni Kimya alimwona Mama amesimama mbele ya redio. Picha ilikuwa imerudi mahali pake. Mama akarudi nyuma, akaikagua, na mkono ukaondoka wenyewe kwenda kwenye fremu kama ulivyozoea. Ukafika nusu ya njia. Mama akaurudisha, akaupigapiga ule msumari mara mbili kwa kidole kama anayeomba radhi, akaiacha picha imelala kushoto.